Mgongo wa Dubu, Mgongo wa Kereng'ende

Makumbusho, 4 Machi

Mdogo wangu, Mama Wadudu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mzee. Dereva wa gari la maji ameniahidi kukukabidhi mkononi kesho Jumatano na kunirudishia majibu Ijumaa. Kwa kuwa huko bwawani kwako simu haishiki mpaka mtu apande mnara, basi yeye ndiye posta yetu.

Nina kazi na nina ombi. Kazi ni dubu. Yule dubu wa barafu aliyekaushwa na kujazwa na Baba kabla mimi na wewe hatujazaliwa amepasuka mgongo. Hewa ya ukumbi imemkausha, ngozi imeachia kuanzia shingoni mpaka karibu na kiuno, na majani makavu aliyojazwa yanachungulia nje. Mama Mkuu, mkurugenzi wetu, amenipa mpaka tarehe ishirini na tisa. Siku hiyo ukumbi wa wawindaji unafunguliwa, watoto wa shule wamekwisha kualikwa, na dubu akiwa bado wazi basi kazi itapewa fundi wa nje nami nitafungashiwa virago. Aliyasema hayo huku akitabasamu, ndiyo maana nikamwamini.

Ombi ni bango. Mama Mkuu anataka dubu asimame karibu na kereng'ende wako mhamaji, yule wa manjano, na chini yao bango la kuwalinganisha. Nilimuuliza kwa nini asimtafutie dubu mwenzake wa saizi yake. Akasema kumlinganisha dubu na simba hata mtoto anaweza. Kwa hiyo niandikie ya kwako, na mimi naanza na ya kwangu. Dubu dume hufika nusu tani. Manyoya yake si meupe, ni mirija midogo isiyo na rangi, na ngozi iliyo chini yake ni nyeusi tii. Nimeiona mwenyewe kwenye mpasuko. Miaka minane nampangusa vumbi nikidhani ni mweupe.

Mzee usimwambie kwamba amepasuka. Au mwambie tu, atajua hata usiposema. Unakumbuka alivyoniambia siku ile kwamba nashona kama mtu anayefunga gunia la mkaa, nikabeba begi langu na kuondoka nyumbani. Miaka mitano hiyo. Wewe unajua desturi yake: akikagua mshono hupitisha ukucha juu yake, na akiridhika hubonyeza tone la nta mwishoni kwa dole gumba lake lile lenye kovu. Wanyama wake wote wana alama ile. Wanafunzi wake wote waliipata. Mimi mwanawe sina hata moja.

Sikulilii shida. Nataka ujue tu kwamba ndicho ninachokitaka kwake kabla hajatutoka, na sijui nitakiombaje.

Kaka yako,
Gundi


Bwawani, 7 Machi

Shikamoo kaka Gundi,

Barua imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai cha dereva. Nimecheka uliposema umempangusa mnyama miaka minane bila kumjua rangi. Ndivyo ulivyo tangu utoto, hata viatu vyangu uliwahi kuvivaa wiki nzima.

Haya ya kwangu. Mhamaji hafiki hata theluthi ya gramu. Nimekupigia hesabu: ili mzani ulingane na dubu wako utahitaji wahamaji milioni moja na nusu upande wa pili, na wote watulie, jambo ambalo hawaliwezi. Dubu hulala kando ya tundu la barafu saa nzima, saa mbili, akimsubiri sili, yule mnyama wa baharini anayemla, atoe pua, na mara nyingi sana huondoka na njaa. Mhamaji akimlenga mbu, hamkosi. Katika kumi anakamata tisa na zaidi. Sasa nani mwindaji hapo? Dubu huogelea siku kadhaa mfululizo, na mhamaji huvuka bahari nzima akifuata mvua, kisha hutaga katika dimbwi lolote, hata la tairi. Watoto wake, hawa lava, huishi majini na wana taya linalokunjuka mbele kama mkono. Wakikomaa hupanda juu ya mmea, mgongo hupasuka kuanzia shingoni, na mwenyewe anatoka. Anaacha ngozi tupu imeshikilia jani, ina miguu, ina macho, kila kitu. Kazi yangu ni kuzihesabu hizo ngozi.

Umeona? Mgongo, kuanzia shingoni. Nilipomsomea Baba barua yako aliomba nirudie pale penye mgongo. Halafu akasema, "Muulize kaka yako, yupi kati ya dubu na kereng'ende anajua kwamba ametoka?"

Kaka, Baba hali yake si nzuri. Nilikuandikia mwezi uliopita ukadhani nakutisha ili uje. Hali chakula cha maana. Kila asubuhi ananiomba nimpeleke ukingoni kwenye kiti chake, akazitazame ngozi kwenye matete. Jana alivika moja kwenye dole gumba akaitazama mpaka jua likawa kali. Sindano yake iliyopinda, ile yenye uzi mwekundu shingoni, haitoki mfuko wa shati. Acha dubu siku mbili uje. Hajataja gunia la mkaa hata mara moja.

Mdogo wako


Makumbusho, 11 Machi

Mdogo wangu,

Kwanza nieleze umefanyaje kumsafirisha Mzee katika hali hiyo, na kwa nini hukuniambia, na amefikia kwa nani hapa mjini.

Jumamosi nilishona shubiri mbili za mgongo, kuanzia shingoni. Nikafunga karakana, ufunguo nikauweka mfukoni. Jumapili asubuhi nimekuta mshono wangu umefumuliwa wote. Vipande vya uzi vimelazwa juu ya gazeti kwa mstari, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akinifanyia nilipokuwa naanza kazi ili nihesabu makosa yangu. Na pale pale shingoni kulikuwa na mshono mpya wa urefu wa kidole. Umelala kushoto. Wewe unamjua mtu mwingine anayeshona kwa mkono wa kushoto?

Nilikasirika, sikufichi. Nikashona tena siku nzima. Jumatatu uzi uko kwenye gazeti tena. Lakini mara hii alikuwa ameacha michomo yangu miwili ya sindano kati ya kumi. Niliikagua hiyo miwili kwa lenzi. Ni kweli, ilikuwa mizuri kuliko mingine.

Mlinzi wa mlangoni, yule anayetembea na redio begani, anaapa hakumfungulia mtu. Alichosikia ni mtu anayevumisha wimbo huku amefumba mdomo, wimbo usio na mwanzo wala mwisho. Mzee huyo, akiwa ameubana uzi kwa meno. Na leo ameniachia sindano yake juu ya meza. Ile ya uzi mwekundu. Ni baridi kama imetoka kwenye maji, na nikiishika haipati joto.

Mwambie apitie mlangoni kama watu wengine. Mwambie pia sijakasirika sana.

Gundi


Bwawani, 13 Machi. Hii haiendi kwa dereva.

Kaka,

Naiandika ili niiseme mahali fulani, kisha nitaitia kwenye kopo la ngozi tupu.

Baba amefariki. Alikufa Jumamosi tarehe nane, asubuhi, kwenye kiti chake ukingoni. Nilikwenda kumletea uji nikamkuta ameinamisha kichwa. Kwenye ukosi wa shati lake lava alikuwa amepanda na kutoka, ngozi imeng'ang'ania kitambaa, mgongo wazi. Aliyetoka sikumwona. Tulimzika siku hiyo hiyo, mimi na wafanyakazi wa bwawa na mkewe dereva, na wote nimewasihi wasikuambie. Sindano niliiacha kwenye mfuko wa shati. Kifungo cha mfuko nilikifunga kwa mkono wangu.

Ijumaa jioni aliniapisha. Alisema, "Usimwambie mpaka dubu afungwe." Unaijua sheria ya karakana yake: aliyefiwa hashiki sindano mpaka mwezi uishe, kwa sababu mkono wa msiba huvuta uzi. Akasema ukijua utaiweka sindano chini, utafukuzwa, na ukishaiweka hutaishika tena maishani. Nikaapa. Nilidhani ana siku nyingi mbele yake, nikaapa kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

Sasa unaniandikia kwamba sindano iko mezani kwako. Tangu jana nimekaa na mlango nimeufunga. Naogopa, kaka, na mtu wa kumwambia ni wewe tu.


Bwawani, 14 Machi

Shikamoo kaka,

Baba hana neno. Hajasema lolote kuhusu mji, labda ni siri yake na wewe. Wewe shona, usimwulize mlinzi maswali mengi. Anataka dubu afungwe, ndilo pekee alilonisisitizia.

Kwenye bango ongeza kwamba macho ya kereng'ende yanaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, hata nyuma. Na kwamba dubu hunusa sili aliye chini ya barafu nene. Kwa hiyo kujificha mbele ya hao wawili ni kazi bure.

Sindano hiyo, ukimaliza kazi ya siku, usiiweke mfukoni. Iache mezani.

Mdogo wako


Makumbusho, 18 Machi

Mama Wadudu wangu,

Mbona barua yako fupi kama risiti? Mimi nina furaha, na wewe ndiye mtu wa kwanza kumwambia.

Wiki hii hafumui tena. Nashona shubiri moja mchana, asubuhi nakuta yeye ameongeza shubiri moja mbele yangu, ya kushoto, kisha na mimi naendelea kutoka alipoishia. Ukiutazama mgongo huu kwa mbali huwezi kujua ni mikono miwili. Mama Mkuu alipitisha kidole akauliza ni fundi yupi nimemwita. Nikasema baba yangu. Akasema nimpe salamu.

Jana nilimwachia chai kwenye birika. Asubuhi ilikuwa imejaa vile vile, ila maji yametanda sakafuni kutoka dirishani hadi kwenye kiti, na ukingoni mwa kiti kulikuwa na kipande cha tete. Mwambie avae viatu vikavu, atapata homa.

Nimejaribu kumsubiri ili tuonane. Nilijibanza nyuma ya kabati la twiga tangu alfajiri. Sikuona mtu. Nilisikia tu uzi ukipita kwenye ngozi, ule mlio wa kukwaruza, na dubu alikuwa akitikisika kidogo kila mchomo unapoingia, kama mtu anayepumua. Sikutoka. Miaka mitano sikumsikia akifanya kazi, nikaona nisiharibu.

Vimebaki vidole vinne tu, pale kiunoni. Kesho namaliza, na keshokutwa nitajua kama nina nta au sina. Njooni wote wawili siku ya ufunguzi. Nitamtafutia kiti cha mbele.

Gundi


Bwawani, 21 Machi

Kaka yangu,

Kama ulivyosema, dubu amekwisha kufungwa, kwa hiyo kiapo changu kimekwisha. Kaa chini kabla hujaendelea.

Baba alifariki tarehe nane. Tumemzika juu ya kilima kinachotazama bwawa. Aliniapisha nisikuambie mpaka umalize, kwa sababu ya sheria ya sindano, na kwa sababu alikuogopea. Nilikudanganya barua nzima ya tarehe kumi na nne, na ile ya kweli nimeiambatanisha hapa, isome.

Sindano nilimzika nayo. Nimekwenda kaburini mara mbili tangu uniandikie. Udongo haujaguswa. Kuna ngozi tupu zimepanda juu ya jiwe, zaidi ya mia, umbali wa hatua mia mbili kutoka majini, na hakuna lava anayetembea hatua mia mbili. Kereng'ende wenyewe siwaoni. Nahesabu waliotoka, na angani hamna kitu.

Nisamehe. Au usinisamehe, lakini niandikie.

Mdogo wako


Makumbusho, 25 Machi

Umemzika baba yangu bila mimi.

Nimeanza barua hii mara sita na kila mara inaanza hivyo, basi na iwe hivyo. Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Mimi ndiye niliyetakiwa kushika kichwa chake. Badala yake nilikuwa namlalamikia kuhusu viatu.

Na dubu hajafungwa. Ile kesho niliyokuambia sikuifanya. Nilikaa na uzi mkononi nikaona aibu kumaliza peke yangu, nikasema nimwachie Mzee vidole vinne vya mwisho, itakuwa heshima. Asubuhi hakuvigusa. Siku ya pili hakuvigusa. Viko wazi mpaka leo. Kiti kinalowana kila siku, wimbo mlinzi anausikia, na nikiingia nta iliyo mezani nakuta imekandwa ikawa laini. Anakuja anakaa tu. Ananisubiri.

Tangu barua yako sijashika sindano. Sheria ni yake. Na nitakuambia jambo la kweli, usilicheke. Hata kama sheria isingekuwepo nisingeshona. Maadamu mgongo huu uko wazi, Baba ana kazi hapa, na maadamu ana kazi atarudi. Nikiufunga amekwenda. Jumamosi Mama Mkuu anifukuze akipenda. Nitaomba nibaki kama mlinzi.

Jana niliweka sikio kwenye mpasuko. Ndani mlikuwa na sauti ya maji.

Kaka yako


Bwawani, 28 Machi

Kaka,

Umenikasirikia na una haki, na siku ukija utanisema mpaka uchoke, nitakaa nisikilize. Lakini leo nisikilize wewe.

Nilipoanza kazi hapa niliwahi kumwona mhamaji anatoka, mgongo umepasuka nusu, anahangaika. Nikamwonea huruma nikaushikilia mpasuko kwa kibanio ili usijifunge, nikidhani namsaidia. Alibaki hapo. Nusu ndani, nusu nje, mabawa yakakauka yakiwa yamekunjwa. Hakurudi majini na hakuruka. Alikaa siku mbili akinitazama, maana macho yao yanaona pande zote.

Bango lako umeandika wanavyofanana, uzito, njaa, safari. Tofauti yao hujaiandika. Kereng'ende mgongo hufunguka ili aende zake. Dubu mgongo hufungwa ili abaki tumtazame. Wewe umesimama katikati na kibanio mkononi.

Hakunyimi nta. Hawezi kuibonyeza kwenye mshono ambao haujaisha. Ndiyo desturi yake, wewe ndiye uliyeniandikia. Na ile sheria ya msiba aliivunja mwenyewe alipokuletea sindano siku ya tatu ya kifo chake. Ungetaka akuambieje zaidi?

Dereva nimemsihi aendeshe bila kusimama njiani. Shona, kaka. Mimi nakupa ruhusa kama kuna ruhusa ya kutolewa.

Mdogo wako


Makumbusho, 30 Machi

Mdogo wangu,

Barua ilifika Ijumaa saa tisa alasiri. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kisha nikaichukua sindano.

Vidole vinne vilinichukua mpaka jua linazama. Mkono ulivuta uzi kweli, kama alivyosema, nikafumua michomo mitatu na kuirudia. Nilikuwa nalia na sikujali. Nilimwambia kwa sauti kwamba mimi nilikuwa na kiburi, na kwamba kuhusu gunia la mkaa alisema kweli. Pale nilipofika mchomo wa mwisho nilisita, nikasema, "Baba, nafunga." Ndani mle maji yalikuwa bado yanasikika. Nikapiga fundo, nikakata uzi, na kukawa kimya. Nikaiacha sindano mezani kama ulivyonishauri, nikafunga mlango.

Jana asubuhi niliingia kabla ya Mama Mkuu. Sakafu ilikuwa kavu, kiti kikavu. Sindano haipo, nimetafuta hata chini ya kabati. Mlinzi anasema redio yake ndiyo iliyokuwa na kelele peke yake.

Watoto walikuja mia mbili. Mmoja alisoma bango lote kwa kidole, akauliza kama dubu anajua kwamba amekufa. Nikamwambia swali kama hilo baba yangu aliliuliza kabla yake. Kereng'ende wako amening'inizwa juu ya mgongo wa dubu, na upepo wa feni unamtikisa. Umependeza ukumbi. Mama Mkuu hakusema neno kuhusu virago.

Wiki ijayo nakuja kwa gari la maji. Utanipeleka kilimani, kisha nitakusema kama ulivyoniahidi, halafu tutakula.

Nimebakiza moja. Kabla ya watoto kuingia nilipanda ngazi nikapitisha ukucha juu ya mshono, kutoka shingoni mpaka kiunoni, wa kwake na wa kwangu. Mwishoni, juu ya fundo langu, ukucha ulikwama. Ni nta. Imebonyezwa na dole gumba, na katikati ya alama kuna mstari wa kovu. Niliigusa, mdogo wangu, na ilikuwa bado laini.

Kaka yako,
Gundi